Dola 100, hatua saba: kisa cha dereva bajaji wa Mbeya na gemu ya kreshi

Huyu ni dereva bajaji hapa Mbeya, anapiga ruti ya Kabwe kwenda Uyole, hajafika miaka 30, na bajaji ni ya mkataba, yaani kila siku anapeleka hesabu ya 20,000 kwa bosi mpaka mkataba uishe chombo kiwe chake. Ndani ya siku tisa alipoteza zaidi ya laki tano kwenye kasino ya kripto, yaani ya mtandaoni inayopokea sarafu za kidijitali, kwenye hizi gemu za kreshi. Nimeona niandike kwa sababu si mtu wa kubeti hovyo. Alikuwa na mfumo, alikuwa na daftari, ameandika kila dau na kila matokeo, na ukimsikiliza anavyoeleza unaweza kusema huyu amejipanga kuliko wengi wanaokesha na mikeka ya mpira.

Mimi natunza vitabu vya kikoba chetu, ndo maana alinifuata. Alikuja na shikamoo ya unyonge, nikamwambia marahaba mdogo wangu, lete hilo daftari tulipitie ukurasa kwa ukurasa. Amekubali niandike bila jina lake wala jina la hiyo kasino.

Kwa asiyejua gemu: namba inaanzia 1.00 inapanda, 1.10, 1.50, 2.00, inaendelea, halafu ghafla inapasuka. Ukikashauti, yaani ukibonyeza kutoa hela yako, kabla haijapasuka unalipwa dau lako mara odi (namba) uliyofika, ukichelewa umeliwa. Wengi huku wanaijua kwa jina la kandege, kutokana na Aviator ya Spribe iliyotoka 2019, ila wazo lenyewe lilianzia kwa watu wa bitcoin mwaka 2014 kwenye gemu iliyoitwa MoneyPot, ambayo baadaye ikawa Bustabit. Raundi ni fupi sana, sekunde chache mpaka nusu dakika hivi, kwa hiyo saa moja unaweza kupita raundi mia na zaidi bila kushtuka.

Mdogo wangu alihama kutoka kandege ya kampuni za hapa kwenda kripto kwa sababu aliyoifikiria vizuri kabisa. Alisoma kwamba Aviator inarudisha asilimia 97 ya madau, yaani nyumba, kasino yenyewe, inabaki na 3, wakati kasino nyingi za kripto kwenye kreshi zinabaki na 1 tu. Tena huku kodi ya ushindi inakatwa, kule haikatwi. Kwenye karatasi yuko sahihi, 1 ni ndogo kuliko 3. Ila 1 bado inaenda kwa nyumba, na hilo tunalifikia.

Alinunua USDT 100 (sarafu ya kripto inayofuata bei ya dola) kwa mtu wa P2P, wale wanaouziana wenyewe kwa wenyewe, bei shilingi 2,700 kila dola, jumla 270,000. Hiyo ilikuwa hela ya bima na tairi, ameikusanya kidogo kidogo. Mfumo wake ni ule wa kudabo: unaweka nusu dola, unaseti oto kashauti kwenye 2.00, ukiliwa unaweka dola 1, ukiliwa tena 2, halafu 4, 8, 16, 32. Ukishinda popote pale unarudisha vyote na faida ya nusu dola, unaanza upya. Hatua saba zinakula dola 63.5, yeye ana 100, akajiambia kupoteza saba mfululizo haiwezekani na hata ikitokea bado ninabaki na 36.

Usiku wa kwanza raundi kama 150, akamaliza na 136. Usiku wa pili akafika 171. Hapo akafanya jambo moja zuri, akatoa dola 20, zikakatwa dola 1 ya mtandao, 19 akaziuza kwa 2,560, ikaingia 48,640 kwenye simu. Hiyo ndo hela pekee iliyowahi kurudi mfukoni kwake katika kisa chote hiki.

Usiku wa tatu kaanza na 151 akasema mtaji umekua, napandisha dau la kuanzia liwe dola 1. Sasa hatua saba zinakula 127. Amepanda mpaka 168, halafu zikaja: 1.42, 1.08, 1.93, 1.17, 1.01, 1.66, 1.30. Saba. Imeondoka 127, imebaki 41. Akaweka 20 odi ya 2, ikapasuka 1.61. Akaweka 21 zote kwenye 1.5 akiamini hiyo ni karibu na salama, ikapasuka palepale 1.00.

Sasa tuingie kwenye hesabu maana utamu wa kisa uko hapa. Kwenye gemu ambayo nyumba inabaki na asilimia 1, nafasi ya kufika odi yoyote ni 99 gawa kwa hiyo odi. Odi ya 1.2 ni asilimia 82.5. Odi ya 1.5 ni 66. Odi ya 2 ni 49.5, odi ya 3 ni 33, odi ya 10 ni 9.9. Zidisha nafasi kwa malipo yake uone: 82.5 mara 1.2 ni 99, 66 mara 1.5 ni 99, 49.5 mara 2 ni 99. Zote zinarudi kwenye 99. Hakuna odi salama na hakuna odi ya hatari kwa maana ya nani anabaki na hela, tofauti ni umbo tu la namna utakavyoliwa, kidogo kidogo mara nyingi au kwa mkupuo mara chache. Hili nilirudia naye mpaka akachukua kalamu akapiga mwenyewe kwa odi ya 7, akapata 99 tena.

Haya, hatua saba. Nafasi ya kuliwa raundi moja kwenye odi ya 2 ni 50.5 kati ya 100. Saba mfululizo inakuja kama 0.84 kati ya 100, yaani mzunguko mmoja kati ya kama 119, mzunguko ukiwa ni kuanzia nusu dola mpaka ushinde au hatua saba ziishe. Ukiisikia hivyo unaona ndogo sana, na ndo ilipomshika. Ila yeye hachezi mzunguko mmoja, anacheza raundi 150 kwa usiku, na ndani ya raundi 150 nafasi ya kukutana na hizo saba mahali fulani ni kama 45 kati ya 100. Kwa usiku tatu za namna hiyo inapita 80 kati ya 100. Kwa hiyo hakupata mkosi wa ajabu, alipata kitu ambacho kilikuwa kinaelekea kutokea.

Na hata ukisema sawa, nitavumilia mpaka wastani ujitokeze, angalia: katika mizunguko 119, 118 inampa nusu dola nusu dola, jumla dola 59. Mmoja unamnyang'anya 63.5. Anapungukiwa 4.5. Mfumo mzima, pamoja na daftari na kukesha, unazaa hasara ya dola nne na nusu kwa kila mizunguko 119, na hiyo ni pale ambapo hakuharibu kitu, hakupandisha dau, hakupagawa.

Kitu kingine ambacho hakuwahi kukiona kwenye daftari ni dau lake halisi. Ukimuuliza anasema nacheza nusu dola. Ukijumlisha madau yote ya kudabo na kugawa kwa raundi, wastani wake ni karibu dola 1.80 kila raundi. Raundi 150 maana yake amezungusha kama dola 270 kwa usiku mmoja akiwa na mtaji wa 100. Asilimia 1 ya nyumba haikatwi kwenye mtaji wako, inakatwa kwenye hela yote unayozungusha, kila dola ikipita inaacha senti moja, ikishinda ikirudi ikipita tena inaacha nyingine. Ni gunia la mchele wa Kyela lenye tundu dogo, kulisogeza kutoka kwenye gari mpaka dukani huoni kilichopungua, lizungushe Tunduma na kurudi kila siku uone kama litabaki gunia.

Wengi wakiongelea kutunza mtaji kwenye hizi gemu wanasema weka asilimia 1 ya salio kila raundi, dau lisibadilike, usifukuzie. Ni ushauri mzuri, ila watu wanaupa kazi ambayo hauwezi. Tuseme angeweka dola 1 kila raundi odi ya 2, raundi 150, hakuna kudabo. Kwa wastani angemaliza na 98.5, na usiku nyingi angekuwa kati ya 75 na 122 hivi. Hiyo ndo faida yake yote: hela inakaa muda mrefu, huangamii kwa dakika nne, unapata nafasi ya kulala na kesho ukaamka na akili yako. Haigeuzi hasara kuwa faida. Kuna kanuni maarufu ya kupima dau, ya John Kelly aliyekuwa Bell Labs, aliiandika 1956, inakwambia uweke kiasi gani cha mtaji kulingana na nafasi yako ya kushinda na malipo. Ukiingiza namba za kreshi, 49.5 ya kushinda na 50.5 ya kuliwa kwa faida ya dola moja kwa kila dola unayoweka, inatoa hasi. Yaani kanuni yenyewe ya kutunza mtaji inajibu dau sahihi ni sifuri.

Kwa mtazamo wangu kosa lake kubwa halikuwa kudabo. Wapo watakaosema angeacha kudabo angepona, mimi sikubaliani. Kosa ni kwamba hakuwahi kuwa na mtaji wa mchezo. Mtaji wa mchezo ni hela ambayo ikiisha yote leo jioni, kesho asubuhi bajaji inatoka, bosi anapata hesabu, nyumbani unga upo. Ile 270,000 ilikuwa bima na tairi. Ukishacheza na hela yenye kazi nyingine, kila hasara inakuja na tarehe ya mwisho, na mtu mwenye tarehe ya mwisho hawezi kukaa kwenye dau la asilimia 1, hata ukimwandikia ukutani.

Ndo kilichofuata. Siku ya tano akanunua dola 60 nyingine, 162,000. Humo 80,000 ni hesabu za siku nne za bosi, alimwambia bajaji iko gereji. Safari hii akabadili mfumo, akasema kudabo hapana, naenda odi ndogo, 1.2, dau dola 10. Ushindi mmoja unampa dola 2, hasara moja inakula 10, kwa hiyo kila akiliwa anahitaji kushinda tano ili arudi alipokuwa. Akashinda saba mfululizo, akafika 74, na nafikiri hizo saba ndo zilimuumiza kuliko kitu kingine maana zilimwaminisha amepata dawa. Zikafuata hasara mbili, 54. Akaweka 20 ili arudishe haraka, akaliwa, 34. Akaweka 34 zote kwenye odi ileile ya 1.2, zikaliwa. Nafasi ya kuliwa ni 17.5 kati ya 100, si nyingi, ila ikitokea hakuna raundi ya pili.

Siku ya nane akakopa 100,000 kwenye simu. Huko Telegram kuna mtu anauza boti, yaani programu, ya utabiri, 30,000, eti inasoma raundi ijayo. Akainunua. Hela iliyobaki ya mkopo akaichanganya na hesabu mbili nyingine za bosi, akapata 110,000, humo akanunua dola 40 kwa 108,000. Boti ikamwambia odi ya 5 inakuja, weka, akaweka dola 8, haikuja, boti ikasema inayofuata, akaweka 8, mpaka tano zikaisha. Kwenye odi ya 5 nafasi ni 19.8, na kukosa tano mfululizo ni kama 33 kati ya 100, kitu cha kawaida kabisa.

Kuhusu hizi boti naomba nisimame kidogo maana zinakula hela za vijana wengi wa vijiweni. Gemu nyingi za kripto zinakupa njia ya kuhakiki kwamba hawakuibadilisha raundi. Kabla raundi haijaanza seva inakuwa tayari na mbegu yake ya siri, yaani namba inayozaa matokeo, inakuonyesha alama yake tu iliyopitishwa kwenye hesabu kama SHA-256, na baada ya mchezo inatoa mbegu yenyewe ili uipitishe mwenyewe uone kama alama zinafanana. Bustabit wao walitengeneza mnyororo wa mamilioni ya raundi mapema kabisa, unafunuliwa kinyumenyume, ukawa na uhakika matokeo hayakutungwa baada ya kuona dau lako. Ni kazi nzuri na inahakikika. Ila inathibitisha yaliyopita. Kutoka kwenye alama kurudi kwenye mbegu hakuna anayeweza, ndo maana ya hiyo hesabu, kwa hiyo anayekuuzia raundi ijayo kwa 30,000 anakuuzia kitu asichonacho. Na hata gemu ikiwa safi kwa asilimia zote, ile 1 ya nyumba ipo, iko ndani ya kanuni yenyewe waziwazi. Safi maana yake hawakukuibia, haimaanishi utapata.

Upande wa kripto nao una hesabu yake. Alinunua kwa 2,700 akauza kwa 2,560, tofauti 140 kila dola. Kwenye dola 100 hiyo ni 14,000, imeondoka kabla hajabonyeza kitu, na kwa dau la kawaida ingebidi azungushe dola zaidi ya 500 ili kupoteza kiasi hicho kwa nyumba. Ile asilimia 1 aliyoikimbilia akaimaliza kwenye kubadilisha hela. Halafu dola zinaficha shilingi. Hatua ya saba ya usiku ule wa tatu ilikuwa dola 64. Nilimuuliza, ungekuwa na 172,800 mkononi, noti, ungeiweka kwenye kitufe kimoja? Akasema hapana kaka, hiyo ni hesabu ya zaidi ya siku nane. Kwenye skrini ilikuwa 64.

Na ikitokea tatizo, unakwenda wapi? Kampuni yenye leseni ya hapa, iko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ipo kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, una mahali pa kupeleka malalamiko. Kasino ya nje inayopokea USDT haina dirisha Mbeya wala Dar. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwatahadharisha watu na sarafu hizi, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye kuhamisha mali za kidijitali, ila hakuna kati ya hayo kinachokulinda wewe uliyetuma USDT zako huko.

Jumla ya kisa: ametoa 540,000 kununua dola 200, na 30,000 ya boti, amerudisha 48,640. Amepoteza 521,360. Anadaiwa na bosi 120,000 za siku sita, na mkopo wa simu.

Tulichofanya kwanza ni bosi. Nilienda naye, akamweleza ukweli wote, bosi alikasirika sana ila hakumnyang'anya bajaji, wamekubaliana aongeze 5,000 juu ya hesabu kila siku, siku 24 inaisha. Mkopo wa simu tumeulipa kwa kikoba kwa sababu makato yake yanaongezeka kila siku na riba yetu ni nafuu, anarejesha kila Jumapili kwenye kikao. Kaka yake anataka asiguse kabisa simu yenye intaneti, mimi nimepinga, abiria wa asubuhi wanampigia WhatsApp na malipo yanaingia humo humo. Nilichomwomba ni aiandikie kasino ifunge akaunti moja kwa moja, ameandika, imefungwa, na ile programu ya P2P ameifuta mbele yangu. Tairi tumeweka kipaumbele kabla ya bima kuisha, maana mteremko wa kuingia mjini na mvua za huku si wa kuchezea.

Jumapili iliyopita baada ya kikao akaniuliza jambo ambalo naona lilikuwa linamsumbua siku zote. Kaka, ningekuwa na hatua nane je? Tukakaa tukaipiga. Hatua nane za kuanzia nusu dola zinahitaji dola 127.5. Kuliwa nane mfululizo ni mzunguko mmoja kati ya kama 236, kwa hiyo anakusanya nusu dola mara 235, jumla 117.5, halafu unakuja mmoja unachukua 127.5. Hatua saba zilikuwa zinampunguzia 4.5, hatua nane zinampunguzia 10. Akasema basi tupige na ya tisa. Tukapiga, ikazidi tena.